PAC-12: LIGI ILIYOKUFA HUKU INASHINDA

Leo naomba tuuweke pembeni kidogo mpira wetu wa miguu, twende Marekani kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu na kugongana. Mdau mmoja aliniuliza: imekuwaje ligi ya vyuo ikatoa timu mpaka fainali ya taifa halafu mwaka huohuo ikasambaratika? Swali zuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kulielewa.

Kwanza tuelewane. Kule timu za vyuo vikuu sio za kupitishia muda jioni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle peke yake unaingiza watu kama 70,000. Vyuo hivyo vinajipanga katika makundi yanayoitwa konferensi. Konferensi ni kama ligi, ila hakuna kushuka daraja. Ukifungwa mechi zote bado umo. Unatoka pale unapotaka wewe, au unapoitwa na konferensi nyingine yenye hela zaidi. Shikilia hapo, ndio kiini cha habari yote.

Pac-12 ilikuwa konferensi ya upande wa magharibi. Mizizi yake ni 1915, vyuo vinne vilipokutana Portland. Mwaka 2011 vikafika 12, ndio maana ya hilo jina. Sasa tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vikatangaza kwamba vinahamia Big Ten kuanzia 2024. Big Ten ni ya kule katikati ya nchi. Agosti hiyohiyo Big Ten ikatangaza mkataba wa TV wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Umeona mchezo?

Mkataba wa TV wa Pac-12 wenyewe ulikuwa unaishia 2024, na bosi wao George Kliavkoff akahangaika mwaka mzima kutafuta mpya. Los Angeles ndio soko kubwa la TV upande ule, na lilikuwa limeshaondoka. Mwishowe mezani ikabaki ofa ya Apple, ambapo mtu angelipia kuangalia kwa intaneti, na mapato ya vyuo yangepanda kulingana na idadi ya wanaolipia. Wakubwa wa vyuo wakaogopa. Colorado ilikuwa imeshakimbilia Big 12 mwishoni mwa Julai 2023. Tarehe 4 Agosti, siku moja tu, wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Utah, Arizona na Arizona State kwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba, Stanford na California nao wakaingia ACC, konferensi ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki! Hawa wako Pasifiki jamani. Nisaidieni.

Wakabaki wawili, Oregon State na Washington State. Hawakukosea kitu. Wako kwenye miji midogo ya Corvallis na Pullman, TV hazikuwataka, basi.

Msimu ndio kwanza unaanza. Na ulikuwa moto! Colorado ya kocha Deion Sanders, ambayo mwaka uliopita ilishinda mechi moja tu, ikaenda kuwapiga TCU 45-42, na hao TCU walitoka kucheza fainali ya taifa. Katikati ya Septemba Pac-12 ilikuwa na timu 8 kati ya 25 bora za nchi nzima. Konferensi ya marehemu hiyo! (Colorado baadaye walipoa, wakamaliza na ushindi 4 na vipigo 8.)

Tarehe 23 Septemba wale wawili walioachwa wakakutana Pullman, wote wakiwa kwenye hizo 25 bora. Washington State wakashinda 38-35. Kwangu mimi mechi ya msimu ni hiyo, ingawa wengi watakwambia ni ile ya Oktoba, Washington 36 Oregon 33, pale mpigaji wa Oregon alipokosa mkwaju wa yadi 43 sekunde za mwisho. Hao wakarudiana Las Vegas tarehe 1 Desemba kwenye fainali ya konferensi. Washington tena, 34-31. Hawakuwa wamefungwa hata mechi moja. Wakawatoa Texas 37-31 kwenye nusu fainali New Orleans, mrushaji wao Michael Penix Jr. akiwasumbua vibaya mno, ndipo Michigan wakawanyoosha 34-13 kwenye fainali ya Januari 8, 2024. Michigan ni wa Big Ten, huko huko Washington walikokuwa wanahamia.

Kwa hiyo jibu la mdau ni hili: uwanjani hapakuwa na tatizo. Maamuzi yalishafanyika kabla mpira haujarushwa, na hakuna ushindi ambao ungeyabadilisha. Anayeumia ni mwanafunzi, na sio wa mpira tu, hata wa timu nyingine za chuo. Wa Seattle sasa ana mechi ya ligi na Rutgers kule New Jersey, karibu kilomita 4,000, na darasani anatakiwa.

Wale wawili nao hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani wakasema anayetangaza kuondoka hawezi kuendelea kupiga kura kwenye bodi. Novemba 2023 jaji akawaelewa, na Desemba mahakama kuu ya juu ya jimbo ikakataa kuingilia. Wakabaki na jina pamoja na funguo za nyumba. Msimu wa 2024 walicheza konferensi ya timu mbili (ndio, mbili), mechi nyingi wakizipata kwa makubaliano na konferensi ya Mountain West. Septemba hiyo Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State na Utah State wakatangaza kujiunga nao kuanzia 2026, na Texas State wakafuata mwaka 2025.

Halafu tarehe 14 Septemba 2024, Washington na Washington State walikutana Seattle kwenye mechi yao ya kila mwaka, safari hii mmoja akiwa Big Ten na mwingine ni wa kuachwa. Washington State 24, Washington 19.