Jengo Lililopimwa Mwaka Mzima

Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichopo Northampton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kina hifadhi ya msitu yenye zaidi ya ekari 200 katika mji jirani wa Whately. Mwaka 2012 chuo kilijenga humo darasa dogo la elimu ya mazingira, Bechtel Environmental Classroom, lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 200.

Kilichotuvutia si uzuri wake. Darasa hilo liliingizwa katika mtihani uitwao Living Building Challenge, ambao hautoi cheti kamili kwa michoro wala ahadi. Jengo hutumiwa kwanza kwa miezi 12 mfululizo, majira ya theluji na ya joto, ndipo hesabu hufunguliwa: umeme wa jua uliozalishwa umetosheleza uliotumika? Maji yametoka wapi, na yameishia wapi? Darasa lile lilifaulu, likatunukiwa cheti mwaka 2014.

Vyoo vyake havivutwi kwa maji; uchafu huozeshwa ukawa mboji. Hapa sisi tuna neno. Choo kikavu hakiafikiani kwa wepesi na istinja ya maji, na hatuoni haja ya kukiiga. Lakini kanuni ya kuyatenga maji ya kunawa na uchafu wa choo ni yetu kabisa. Maji ya udhu hayana kinyesi wala mafuta, nayo katika misikiti mingi huishia shimo moja na maji ya chooni, ilhali miti ya uani inakauka.

Anas bin Malik (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofikia lita moja. Ni wangapi kati yetu tunaojua bomba letu hutoa mudi ngapi kwa udhu mmoja?

Kamati zinazojenga madrasa mwaka huu zaweza kuweka mita ya maji penye udhu, watoto wakaisoma kila Ijumaa na kuandika tarakimu ukutani. Na bomba la pili, la kupeleka maji hayo kwenye migomba, litazamwe mapema: gharama yake ni ndogo msingi ukiwa wazi. Sakafu ikishamwagwa zege, itabidi ivunjwe.