Maabara Imejibu, Mgonjwa Hakuelewa

Mpwa wangu anaishi Mukuru kwa Reuben, katika chumba cha mabati kisichozidi futi kumi kwa kumi, yeye, mkewe na mtoto wao mdogo. Miaka michache iliyopita alishikwa na kikohozi kilichokataa kuisha. Baada ya wiki tatu mkewe alimshikilia hadi akaenda katika kituo kimoja cha afya, akatoa makohozi, na kesho yake akakabidhiwa karatasi dirishani bila neno. Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari miwili ya Kiingereza, na wa pili uliishia kwa maneno “not detected”. Mpwa wangu aliacha shule kidato cha pili. Maneno hayo aliyajua. Akamshukuru Mungu, akaikunja karatasi, akarudi kubeba mizigo kiwandani.

Siku tisa baadaye nilimtembelea, nikaiona karatasi juu ya redio. Nilipomwambia avae koti twende, alishangaa. “Mjomba, si wameandika hawakuona kitu?”

Mstari wa kwanza ulisema viini vya kifua kikuu vimegunduliwa. Wa pili ulisema viini hivyo havikuonyesha usugu dhidi ya rifampisini, dawa iliyo mhimili wa tiba. Alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa mwenye bahati, lakini bahati hiyo aliisoma kuwa ni uzima. Siku hizo tisa alilala na kukohoa katika chumba kimoja na mwanawe.

Mimi ni mtu wa isimu, si wa maabara. Hata hivyo nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichojibu maswali mawili kwa mpigo, na nilichokikuta kilinivutia kitaaluma. Kwa Wakenya wengi DNA ni jambo la mahakamani: mtoto huyu ni wa nani? Kumbe ndani ya makohozi pia imo, maana kiini cha kifua kikuu nacho kina DNA yake. Tangu mwaka 1953, Watson na Crick walipoeleza umbo lake, tunajua kuwa ni uzi maradufu unaoandikwa kwa “herufi” nne, A, T, G na C. (Wanabiolojia wametuazima istilahi zetu bila kuomba, tuwasamehe.) A hukutana na T, G hukutana na C. Ukiujua upande mmoja, umeujua na mwenzake.

Basi mtaalamu akiunda kipande kifupi cha upande mmoja na kukitia alama, kipande hicho kitamtafuta mwenzake katikati ya mamilioni ya nyuzi nyingine na kumshika. Mwaka 1975 Edwin Southern, huko Edinburgh, alieleza njia ya kufanya hivyo kwa vipande vyenye mnururisho. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York walieleza kipande kilichojikunja kama kibanio cha nywele, kisichong'aa mpaka kikutane na mwenzake na kujikunjua. Vipande vya namna hiyo ndivyo vilivyowekwa katika mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kifua kikuu Desemba 2010.

Toleo hilo la kwanza lilitumia vipande vitano vyenye rangi tano, vikigawana herufi 81 za jeni moja ya kiini. Viwili vikiwaka, kiini kimo. Vingine vikiwaka na kimoja kikagoma, basi tahajia imebadilika mahali pale, na mabadiliko hayo aghalabu ndiyo yanayokipa kiini nguvu ya kuikataa rifampisini. Toleo lililopendekezwa mwaka 2017 limebadilisha idadi na mbinu, lakini maswali ni yale yale mawili. Kazi yote huchukua muda usiozidi saa mbili, ilhali kwa hadubini ilihitajika kiasi cha viini 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo viweze kuonekana kwa uhakika. Kasoro moja ni kwamba kipande hiki hakitofautishi kiini hai na maiti, kwa hiyo hakifai kufuatilia kama mgonjwa anapona.

Tukiiteje zana hii kwa Kiswahili? Kuna atakayesema “kichunguzi”. Sikubaliani naye. Anayechunguza hajui atakachokiona, na kipande hiki kinajua tangu kilipoundwa. Vivyo hivyo “kipelelezi”, chenye harufu ya polisi. Napendekeza “kitambuzi”, kwa kuwa kazi yake ni kumjua mwenziwe amwonapo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kuwa lugha hii haiwezi kuibeba sayansi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ila mwalimu wa Biolojia bado hufundisha kwa Kiingereza, na yule wa Kiswahili aghalabu haoni kuwa makohozi yanamhusu.

Mpwa wangu alimaliza miezi sita ya dawa, na mtoto alipewa dawa za kinga. Karatasi ile aliniachia. Kila mwaka, baada ya kufuta jina lake, huwapa wanafunzi wangu waifasiri kwa sentensi mbili ambazo mtu wa Mukuru, amesimama dirishani na foleni iko nyuma yake, atazielewa mara moja. Sentensi ya kwanza huwachukua dakika moja. Kwa ya pili hubishana mpaka kengele ilie, maana kila wakianza na “haikuonekana”, nawauliza: mgonjwa atasikia nini?