Bendera moja, buluu ngapi? Namna neno "bleu ciel" linavyowasumbua mafundi wa Kolwezi

KOLWEZI – Asubuhi, kabla masomo hayajaanza, wanafunzi hupanga mistari mbele ya bendera ya taifa. Ukitembea kutoka shule moja mpaka nyingine, kisha ukapita mbele ya ofisi za jimbo na vizuizi vya barabarani, utaona nyota ile ile ya manjano na mkanda ule ule mwekundu. Lakini buluu si ile ile. Hapa imekuwa nyepesi, karibu na nyeupe. Pale ni nzito kama wino wa kalamu.

Jua la Lualaba na vumbi la machimbo vina sehemu yao ya lawama. Sehemu nyingine inaanzia kwenye sheria yenyewe.

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inaeleza bendera katika kifungu chake cha kwanza: ni ya rangi ya "bleu ciel", yaani buluu ya mbingu, yenye nyota ya manjano kwenye pembe ya juu kushoto, na mkanda mwekundu unaoikata kwa mshazari, ukizungukwa na manjano nyembamba. Kila mtu anaelewa. Lakini fundi anayetaka kukata kitambaa au kuchapa bango hapati humo namba hata moja. Mbingu gani? Ya Kolwezi mwezi wa saba, wakati wa kiangazi chenye vumbi, au ya mwezi wa kwanza mvua ikiisha kunyesha?

Kiswahili chetu kinajua shida hiyo. Rangi zetu nyingi zimepata majina kutoka kwa vitu: majani, majivu, kahawa, mbingu. Jina la namna hiyo linatosha watu wakiwa pamoja na kitu kikiwa mbele ya macho yao. Halitoshi kama mwenye kuagiza yuko Kolwezi, mwenye kuchora yuko Lubumbashi na kiwanda cha kitambaa kiko ng'ambo.

Kompyuta haijui mbingu

Kioo cha simu au cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Kila taa inapewa nguvu kuanzia 0 mpaka 255. Katika orodha ya majina ya rangi inayotumiwa kutengeneza kurasa za intaneti, kuna rangi inayoitwa kwa jina hilo hilo la buluu ya mbingu. Namba zake ni 135, 206 na 235. Mchoro wa bendera ya Kongo unaosambaa sana kwenye intaneti una namba nyingine: 0, 127 na 255.

Tofauti si ndogo. Katika rangi ya kwanza taa nyekundu inawaka zaidi ya nusu, na buluu inakuwa laini. Katika ya pili taa nyekundu imezimwa kabisa, na buluu inakuwa kali. Zote mbili zinaweza kuitwa "bleu ciel", na hakuna anayedanganya.

Shida inaongezeka kazi ikifika kwenye imprimeri. Karatasi haina taa. Mashine inapanga wino wa aina nne: buluu-kijani, waridi-zambarau, manjano na nyeusi. Taa zikiongezwa mwanga unaongezeka, lakini wino ukiongezwa mwanga unapungua. Ukigeuza ile 0, 127, 255 kwa hesabu ya kawaida, unapata wino wa kwanza asilimia 100 na wa pili asilimia 50, bila manjano wala nyeusi. Hesabu ni sawa, lakini bango linatoka zito na limepoa kuliko lilivyong'aa kwenye simu. Kuna buluu ambazo kioo kinaweza kuzionyesha na wino hauwezi kuzifikia.

Mteja anainua simu yake, anaiweka kando ya bango na kusema: "Si hii niliyokuagiza." Mara nyingi mwenye kubeba hasara ni fundi, kwa sababu vitambaa vimekwisha kukatwa na wino umekwisha kutumika.

Shaba iko ndani ya wino

Kuna jambo ambalo watu wa Lualaba wangeweza kulicheka kidogo. Ule wino wa buluu-kijani wa imprimeri kwa kawaida unatengenezwa kwa kiungo chenye shaba ndani yake, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Uingereza ICI mwaka 1935. Na kobalti, ambayo leo inatafutwa kwa ajili ya betri, ndiyo iliyompa mkemia wa Ufaransa Louis Jacques Thénard buluu yake maarufu ya kuchorea mwaka 1802. Udongo wa jimbo hili una buluu ya kutosha. Kinachokosekana ni mapatano juu ya kipimo.

Na kipimo si kitu kigeni hapa. Mchimbaji anaijua malakiti kwa rangi yake ya kijani, lakini kwenye depo hakuna anayelipa kwa jicho. Kile kifaa ambacho watu wa machimbo wanakiita metorex kinatoa asilimia, na ubishi wote unakuwa juu ya namba ile.

Hata chuo kikuu chenye pesa kinakwama

Vyuo vikuu navyo vina rangi zao: kwenye nembo, kwenye mabango, kwenye mavazi ya siku ya kupokea diploma. Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, kina rangi ya chungwa tangu mwaka 1900. Jezi za zamani zilikuwa zinapauka mpaka zinakuwa kama manjano, na wapinzani wakawacheka wachezaji. Mwaka 1928 kocha Clyde Littlefield akapata kiwanda cha Chicago kilichotia chungwa nzito zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia rangi hiyo ikawa ngumu kupatikana, chungwa nyepesi ikarudi, na ile nzito ikarejea mwaka 1962.

Leo chuo hicho kina namba. Kwa wino kinatumia rangi ya 159 ya Pantone, kampuni ya Marekani iliyotoa kitabu chake cha kwanza cha rangi zenye namba mwaka 1963. Kwa vioo kinaandika 191, 87, 0. Lakini Pantone yenyewe, ikiigeuza 159 yake kwa ajili ya vioo, inatoa 203, 96, 21, ambayo ni nyepesi zaidi. Namba zote mbili ni za chungwa moja, na hazilingani.

Maana yake, hata namba peke yake haimalizi kazi. Lazima mtu aamue ni ipi inayotawala nyingine. Scotland ilikuwa na shida ya bendera kama yetu, buluu nyepesi huku na nzito kule. Mwaka 2003 kamati ya bunge lake ilichagua Pantone 300 na kuipendekeza kwa wote.

Shule, chuo au ofisi ya Kolwezi haihitaji kungoja bunge kwa ajili ya nembo yake yenyewe. Inatosha kupima mara moja na kuandika kwenye karatasi moja: namba za kioo, asilimia za wino, na jina la rangi katika kitabu cha kampuni. Kisha kipande cha kitambaa kilichokubaliwa kinawekwa ndani ya bahasha, mbali na jua, na kingine kinapewa fundi pamoja na agizo. Kulinganisha kufanywe nje, mchana, kwa sababu vitambaa viwili vinavyofanana chini ya taa ya duka vinaweza kuachana juani.

Kwa bendera ya taifa, neno ni la Katiba na litabaki. Kuweka namba chini ya neno hilo ni kazi ya serikali. Mpaka hapo, fundi anayeletewa agizo la "bleu ciel" afanye jambo moja kabla ya kugusa makasi: amwombe mteja achague kipande cha kitambaa, akitie sahihi nyuma, na akiache pale.