Mbunge Anaposhika Shilingi

Redioni tunasikia kwamba mbunge fulani "ameshika shilingi". Maana yake nini?

Kila mwaka Bunge letu hujadili bajeti mjini Dodoma. Mbunge peke yake hawezi kuongeza matumizi. Ibara ya 99 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka pendekezo hilo litoke serikalini. Lakini anaweza kumbana Waziri: fedha za kisima chetu ziko wapi? Asiporidhika na jibu, hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi ni ndogo, ila Waziri lazima ajieleze. Akieleweka, mbunge huirudisha. La sivyo, kura hupigwa.

Maneno yote haya huandikwa katika Hansadi. Basi tumwulize mbunge wetu: wewe ulisema nini?