Imani ya kila siku: Somo la Uamsho wa Afrika Mashariki

Imani ya Kikristo ni kumtegemea Mungu kupitia Yesu Kristo na kuishi kwa kumtii. Ina pande mbili zisizotengana, moyo unaoamini na maisha yanayofuata. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alimtaja Ibrahimu kuwa mfano wa mtu aliyehesabiwa haki kwa kumwamini Mungu. Yakobo alimtaja Ibrahimu huyohuyo kuonyesha kwamba imani isiyozaa matendo imekufa. Wataalamu wa Biblia wamejadili kwa karne nyingi jinsi nyaraka hizo mbili zinavyopatana. Kwa muumini wa kawaida swali ni fupi zaidi: imani inayokiriwa Jumapili inafanya nini nyumbani, sokoni, kazini na kwa jirani siku sita zinazobaki?

Afrika Mashariki ililijibu swali hilo kwa namna yake. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, kisha ukaenea Kenya, Tanganyika na Burundi, uliwafundisha Wakristo wengi kwamba wokovu huonekana katika deni linalolipwa, ugomvi unaomalizwa na ukweli unaosemwa hata pale unapomgharimu msemaji. Historia yake inaonyesha nguvu ya imani inayotekelezwa kila siku. Inaonyesha pia hatari inayokuja imani hiyo inapokosa kufika kila mahali.

Waliobatizwa wakapoa

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Mafunzo ya ubatizo yalikwenda pamoja na kujifunza kusoma, hata Wakristo wa kwanza wakajulikana kuwa ni wasomaji. Kizazi hicho kilitoa mashahidi waliouawa kwa amri ya Kabaka (mfalme) Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887.

Miaka arobaini baadaye hali ilikuwa imebadilika. Kuwa Mkristo kulimfungulia mtu njia ya shule, ya kazi serikalini na ya heshima katika jamii. Makanisa yalijaa, majina ya ubatizo yakaenea, lakini wengi waliishi kama watu ambao hawakupata kusikia Injili. Ulevi, rushwa, ndoa za siri na chuki kati ya koo viliendelea, na watumishi wa kanisa nao walikuwamo. Kilichopungua hakikuwa mafundisho, maana katekisimu watu waliijua kwa moyo. Mafundisho hayo hayakuwa yameshuka hadi kwenye mwenendo.

Namirembe na Gahini

Joe Church, daktari kijana wa Kiingereza, alifika katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, mwaka 1928. Kipindi hicho njaa kali iliikumba nchi, kazi ikamwelemea, naye akajiona amekauka kiroho. Septemba 1929 akiwa Kampala alikutana na Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe. Nsibambi alikuwa Mganda aliyefanya kazi katika idara ya afya ya serikali, naye pia alikuwa na kiu ya maisha ya Kikristo yaliyo ya kweli. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, halikuwa jambo la kawaida katika enzi za ukoloni.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali hiyohiyo, alimwendea Nsibambi akilalamikia hali ya kazi huko Gahini. Nsibambi alimgeuzia swali: je, hali ya moyo wake mwenyewe ikoje? Kinuka alirudi Gahini akiwa amebadilika, akaanza kwa kutengeneza uhusiano wake na wenzake. Hapo panaonekana kanuni iliyokuja kuutambulisha Uamsho wote: mtu aanzie kwake kabla ya kuhesabu makosa ya wengine.

Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika Gahini wakati wa Krismasi, Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi zake hadharani. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Kigozi alifariki Kampala Januari 1936, wakati alipokuwa akijiandaa kuzungumza mbele ya sinodi ya kanisa juu ya ubaridi wa waumini. Kifo chake kiliupa ujumbe wake uzito mkubwa zaidi, na tangu mwaka huo moto wa Uamsho ukaenea kwa kasi.

Imani iliyoingia nyumbani

Mafundisho ya Uamsho yalikuwa machache. Yaligusa msalaba wa Kristo, toba, moyo uliovunjika mbele ya Mungu na kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha dhambi kwa Mungu wala kwa ndugu. Upekee wake ulikuwa katika namna mambo hayo yalivyotekelezwa.

La kwanza lilikuwa urejesho. Mtu aliyeokoka hakuishia kuomba msamaha kanisani. Alitakiwa kurudisha alichochukua, kama Zakayo alivyoahidi katika Injili ya Luka. Watu walirudisha vifaa vya hospitali na shule, fedha za serikali na mifugo ya jirani. Wengine walikwenda kwa mabwana wa wilaya kukiri wizi ambao hakuna aliyekuwa ameugundua, wakijua kwamba wangeweza kufungwa. Majirani waliokuwa wakiyadharau mahubiri walilazimika kuuamini ushahidi wa ng'ombe aliyerudishwa zizini.

La pili lilikuwa ndoa na familia. Waume walizoea kula peke yao na kuamrisha, na sasa baadhi yao waliwaomba wake zao msamaha, tena mbele ya watoto. Wanaume walianza kubeba mizigo na kushika kazi zilizohesabiwa kuwa za wanawake. Wapo waliokataa kupokea mahari ya binti zao, au waliipunguza, kwa sababu hawakutaka ndoa ifanane na biashara. Wanawake nao walipata nafasi ya kusimama na kushuhudia mbele ya wanaume, nafasi ambayo mila na uongozi wa kanisa vilikuwa vimewanyima.

La tatu lilikuwa mipaka ya kabila na rangi. Katika makundi ya Uamsho, Mhutu na Mtutsi, Mganda na Mnyankole, Mwafrika na Mzungu waliitana ndugu. Wamisionari kadhaa walisimama wakakiri kiburi chao cha rangi. Ukoloni haukwisha kwa maungamo hayo, lakini palipatikana mahali ambapo mtu alisikilizwa kwa sababu ya ushuhuda wake, cheo na rangi vikawekwa kando.

Kundi la kila juma

Imani ya namna hiyo isingedumu kwa hamasa ya mikutano mikubwa peke yake. Ilitunzwa na vikundi vidogo vya ushirika vilivyokutana kila juma, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao. Humo walisoma Maandiko, wakaomba, wakashuhudia na kuungama. Ndugu aliyenuia kuoa, kubadilisha kazi au kununua shamba aliwashirikisha wenzake. Aliyefiwa alikuta kundi limekwisha kufika. Aliyeanza kurudi kwenye pombe alifuatwa nyumbani kwake.

Jambo kubwa ni kwamba watu hao hawakutoka katika makanisa yao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, walifukuzwa baada ya mgogoro na uongozi wa chuo, miongoni mwao William Nagenda aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa Uamsho. Hata baada ya tukio hilo walibaki Waanglikana. Kwa sababu hiyo Uamsho uliingia hadi kwenye uongozi wa makanisa yenyewe. Huko Bukoba uliwagusa Walutheri, na kijana mmoja wa huko, Josiah Kibira, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Festo Kivengere aliokoka mwaka 1941, akafundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, kisha mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Wakatoliki walifikia jambo linalokaribiana na vikundi hivyo vya kila juma kwa njia nyingine. Katika mikutano ya miaka ya 1973 na 1976, maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki waliweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kazi ya kanisa. Leo nchini Tanzania, kwa Mkatoliki wa mjini au kijijini, jumuiya ndiyo inayomjua kwa jina. Hukutana nyumba kwa nyumba, husali, husoma Injili, humtembelea mgonjwa na kuchangia msiba.

Imani mbele ya hatari

Mazoea ya kila siku ndiyo yaliyowaandaa watu kwa siku ngumu. Kenya ilipotangazwa kuwa katika hali ya hatari Oktoba 1952, Wakristo wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta katikati ya wapiganaji wa Mau Mau na serikali ya kikoloni. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba aliyeshiriki damu ya Kristo katika meza ya Bwana hawezi kunywa damu ya kiapo. Wengi wao walikataa pia silaha za serikali ya kikoloni, kwa kuwa hawakutaka kumwaga damu ya yeyote. Madai ya ardhi na uhuru yalikuwa ya haki, na wako waliowaona ndugu hao kuwa wasaliti. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Nchini Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi aliwahudumia wakimbizi wa Kitutsi huko Nyamata wakati wa mauaji yaliyofuata uhuru. Aliuawa Januari 1964. Nchini Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kupitia Uamsho, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana chini ya utawala wa Idi Amin. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia rais huyo kupinga mauaji na unyanyasaji wa raia. Luwum aliuawa Februari 1977. Kivengere alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kuhusu kumsamehe Amin. Kwake msamaha haukumaanisha kunyamaza. Aliendelea kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda.

Mahali imani ilipokwama

Haki inadai upande wa pili wa historia hii usemwe. Katika baadhi ya makundi, kutembea nuruni kuligeuka kuwa kupekuana. Maungamo yalidaiwa kwa shinikizo, na wokovu ukapimwa kwa mavazi, nywele na mapambo. Asiyetoa ushuhuda kwa maneno yaliyozoeleka alionekana hajaokoka. Imani iliyokusudiwa kumweka mtu huru ikawa sheria mpya.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kuzihesabu dhambi za mtu binafsi na kuziacha dhambi za jamii. Wizi wa blanketi uliungamwa, lakini vitambulisho vya ukabila, upendeleo shuleni na propaganda za chuki havikupata wa kuvikemea kwa nguvu ileile. Rwanda, mahali Uamsho ulipoanzia, ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa ya wakazi wake wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipofanyika kuanzia Aprili hadi Julai 1994. Watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi. Maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, likiwamo kanisa Katoliki la Nyamata ambalo leo ni kumbukumbu ya taifa. Walikuwapo Wakristo waliowaficha majirani zao na wengine wakafa pamoja nao. Walikuwapo pia waliobatizwa na kushiriki meza ya Bwana, kisha wakashika panga.

Kinachobaki kuwa somo

Uamsho haukushindwa kwa sababu uliidai imani ishuke hadi kwenye mambo madogo. Katika hilo ulikuwa sahihi, na makanisa ya leo yanahitaji sana kulisikia tena. Mhubiri hujaza uwanja kwa ahadi za muujiza na utajiri, huku muumini akirudi kazini kudai rushwa, akimcheleweshea mfanyakazi wa ndani mshahara na kukaa mwaka mzima bila kusema na ndugu yake. Imani ya namna hiyo, hata ikisindikizwa na vigelegele, haijafika nyumbani.

Upungufu ulikuja pale imani iliposimama mlangoni pa mambo ya umma. Mkristo anayerudisha fedha aliyoiba anatakiwa pia kukataa fedha ya kura. Anayemwomba mkewe msamaha anatakiwa pia kumkemea anayewaita watu wa kabila jingine kwa majina ya wadudu. Nyumba, kazi, kura na ujirani vyote ni uwanja wa imani moja.

Kwa hiyo Mkristo anayetaka kujua kama anaamini aanze na mambo yaliyo karibu naye. Alipe deni analodaiwa, amfuate aliyegombana naye, aseme ukweli mahali pa kazi, ajiunge na kundi dogo la kumsahihisha, na amtetee jirani asiye wa kabila lake wala wa dini yake. Wazee wa Uamsho walithubutu kuanza hivyo, na maisha yao yalibadilika kiasi cha kuonekana na wote. Kizazi cha sasa kinadaiwa kuanza hapohapo, na kufika mbali zaidi ya pale walipoishia.