Murshidabad: Mji Mkuu Uliosahauliwa

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Maneno haya niliyasikia tangu utotoni, lakini maana yake niliipata barabara siku niliposhuka garimoshi katika stesheni ya Murshidabad, huko Bengali ya Magharibi nchini India, yapata kilomita 200 kaskazini ya Kolkata.

Mji wenyewe ni mdogo, umejinyosha kando ya mto Bhagirathi, na wenyeji huuita pia Lalbagh. Nchi yote ile ni tambarare, haina kilima. Ni mashamba ya mpunga na miembe. Mto huo ni tawi la Ganges. Zamani ulipungua maji wakati wa kiangazi hata vyombo vikashindwa kupita, mpaka ilipofunguliwa boma la Farakka mwaka 1975 ili kuuongezea maji. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu mjini watu wapatao 44,000 tu, ilhali wilaya yenye jina hilo hilo ilikuwa na zaidi ya milioni 7, na kiasi cha thuluthi mbili yao ni Waislamu. Lugha yao ni Kibengali, Waislamu kwa Wahindu.

Basi, msomaji, utashangaa kusikia kwamba mji huu ulikuwa makao makuu ya Bengali nzima. Mwanzoni mwa karne ya 18 Murshid Quli Khan, diwani wa mfalme wa Kimoghuli, aliihama Dhaka na kuja hapa, na mji ukapewa jina lake. Robert Clive, Mwingereza aliyeuteka utajiri wake, alikiri kwamba ulikuwa mpana na wenye watu kama London.

Lakini mwaka 1757 Nawabu Siraj-ud-Daulah alishindwa na Waingereza katika vita vya Plassey, akauawa. Mwaka 1770 ikaingia njaa kuu. Miaka miwili baadaye hazina ikahamishiwa Calcutta. Na mali inapohama, watu huifuata.

Nililitembelea jumba la Hazarduari, yaani milango elfu, lililokamilika mwaka 1837. Wakati huo Nawabu alikuwa amebaki na cheo, amri haiko naye. Milango mingine ya jumba lile ni ya bandia: ukiiona utadhani inafunguka, kumbe ni ukuta. Nikasema moyoni, ndivyo ulivyokuwa ufalme wenyewe.

Ila kilichonigusa zaidi ni msikiti wa Katra, uliojengwa na Murshid Quli Khan katika miaka ya 1723 na 1724. Tetemeko la mwaka 1897 liliuharibu vibaya. Kaburi lake limo chini ya ngazi za kuingilia. Husemwa kwamba aliusia azikwe hapo ili nyayo za wenye kuswali zipite juu yake. Nilisita kupanda. Mzee mmoja akanipungia mkono, nipande. Nikavua viatu, nikapanda nikimwombea rehema.

Kila mwaka, kwenye mwezi wa Bhadra wa kalenda ya Kibengali, watu huelea taa mtoni kwa kumkumbuka Khidhri, Waislamu na Wahindu wakitazama pamoja. Desturi hiyo iliachwa na manawabu. Hazina ilikwenda, majeshi yakaenda. Zimebaki taa juu ya maji, na kaburi la mtu aliyejua mapema kwamba ukubwa hauna mwenyewe.