Talanta Iliyofukiwa Kazini

Wako Wakristo wengi ambao Jumapili huisikia kanisani habari ya mtumwa aliyefukia talanta yake, wakatikisa vichwa kwa kumsikitikia. Na Jumatatu asubuhi wakaenda kuifukia ya kwao kazini. Hatusemi haya kwa dhihaka. Twayasema kwa kuwa hasara ya tabia hiyo humpata kwanza mwenyewe, kabla haijamfikia tajiri wake wala umma. Chama hakina dini, lakini wanachama wake wanazo, na si vibaya mara moja moja kumwuliza mtu swali kwa kitabu anachokiamini.

Yafaa tuujue uzito wa talanta yenyewe. Siku hizi neno hilo twalitumia kwa maana ya kipaji, na hivyo twadhani mtumwa wa tatu alipewa kitu kidogo. Sivyo. Talanta ilikuwa kipimo cha fedha, sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Basi mtu yule alikabidhiwa mshahara wa kibarua wa karibu miaka 20! Ni kidogo tu ukiulinganisha na wa mwenzake aliyepewa talanta tano. Ndivyo alivyo tarishi asemaye kwamba kazi yake ni kubeba mafaili tu. Faili analoliacha juu ya kabati kwa majuma mawili huenda ndilo lenye pensheni ya mjane, na wala mkurugenzi hawezi kulitia sahihi mpaka tarishi amelifikisha.

Tukumbuke pia kwamba mtumwa yule hakuiba. Hakulewa, hakucheza kamari. Alirudisha fedha kamili. Tena walimu wa Kiyahudi wa zamani waliona kuifukia fedha ardhini kuwa njia njema ya kuitunza. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba asiye mwizi amekwisha kuwa mtumishi mwema. Imani hiyo twaiona kila siku. Mtu hutundika koti lake nyuma ya kiti saa mbili kasoro robo, akaweka sahihi daftarini, kisha akatoka; koti likabaki kufanya kazi badala yake. Ukimwuliza, atakujibu kwamba hajagusa senti ya mtu. Ni kweli hajaigusa. Lakini baada ya miaka kumi hajui jambo lolote jipya, na nafasi ya kupandishwa cheo ikitokea humpita, naye akasema amerogwa au wakubwa wana upendeleo.

Na udhuru wake je? Alisema bwana wake ni mtu mgumu, naye aliogopa. Hapa hatutaki kueleweka vibaya. Wakubwa wagumu wako, na Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakemea waziwazi viongozi wenye majivuno na dharau. Waraka wa Yakobo nao wawashutumu vikali matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji. Mfanya kazi anayedai haki yake kwa chama chake cha wafanya kazi hafukii kitu. Anayefukia ni yule anayemkomoa mkubwa wake kwa kuharibu kazi, maana mkubwa atahamishwa kesho kwenda mkoa mwingine, na uvivu aliojifunza mtu huyo utabaki naye.

Iko tabia nyingine, ya kuhesabu dinari za mwenzako. Katika mfano wa shamba la mizabibu, vibarua walioajiriwa alfajiri walinung'unika kwa kuwa walioingia saa kumi na moja (saa ambayo sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa) walilipwa sawa nao. Ujira wao haukupungua hata kidogo. Walipatana dinari, wakapata dinari. Kilichopotea ni furaha yao. Katika ofisi zetu manung'uniko ya namna hii hula saa nzima za kazi, na fitina huzaliwa humo.

Lakini tabia inayotusikitisha kuliko zote ni ile inayovaa joho la dini. Mtu anasali wakati wa zamu huku watu wamejipanga dirishani. Au kazi inaharibika kwa uzembe, naye akasema tumwachie Mungu. Kule Thesalonike walikuwako waliokaa bure, wengi wa wafasiri wanasema kwa kuingoja siku ya Bwana, na Paulo aliagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Alikuwa na haki ya kusema hivyo: yeye mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Nehemia naye aliomba, kisha akaweka walinzi mchana na usiku, na ukuta wa Yerusalemu ukamalizika kwa siku 52.

Azimio la Arusha la 1967 lilipima jambo hili kwa saa. Lilieleza kwamba mfanya kazi wa mshahara mjini hufanya kazi kama saa 45 kwa juma, nao wanawake wa vijijini saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini mwanamke wa namna hiyo hajatoweka. Ndiye asimamaye dirishani saa tano asubuhi, amefika mjini kwa basi la alfajiri, akiulizia faili la marehemu mumewe. Naye anaambiwa aketi angoje, mwenye koti lile atarudi sasa hivi.